Silabi ya Tatu

Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa sita. Manyunyu yalianza kabla ya kupambazuka na hayakuwa na haraka. Saa mbili asubuhi yalikuwa bado yanadondoka, membamba kama nyuzi, na njia ya saruji iliyoinama kutoka ghalani hadi kwenye malori ilimetameta kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Kiwanda kilikuwa cha magodoro. Mtu aliyekuwa akishuka kwenye njia ile na robota la vitambaa begani alikuwa na miaka hamsini na miwili, kumi na tisa kati yake ameitumia kupakia na kupakua mahali hapo hapo, na wenzake walimwita Bingwa. Hakuwa ameshinda kitu chochote. Walimpa jina hilo kwa sababu alipenda mieleka ya televisheni kuliko usingizi, na kila mapumziko ya chai aliwasimulia pambano la wiki ile. Simulizi likifika mahali pake, alijitupa chali juu ya rundo la magodoro yenye kasoro, paa! Kidevu kifuani, mikono imetandazwa, kama wanavyoanguka wao. Mpakiaji mwenzake, mtu wa makamo waliyemwita Refa, alipiga magoti kando yake na kulipiga godoro kwa kiganja.

"Moja! Mbili!"

Na hapo, kila mara, kwa miaka yote hiyo, Bingwa alinyanyua bega. Kabla ya tatu. Wapakiaji walipiga mayowe, kengele ikalia, wakarudi kazini wakiwa wepesi kidogo.

Asubuhi ile mguu wake wa kushoto uliteleza. Hakupata nafasi ya kuficha kidevu wala kutandaza mikono. Aliangukia ukingo wa saruji kwa kiuno, na robota likamfuata.

Wapakiaji walicheka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na roho mbaya. Walicheka kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu kabla hajaisikia. Refa alitua mzigo wake, akaja mbio, akapiga magoti katika maji na kupiga saruji.

"Moja! Mbili!" Alisubiri. "Mbili na robo! Mbili na nusu! Bingwa, nyanyua bwana, watu wana kazi!"

"Leo kapatikana!" mmoja alipaza sauti kutoka juu ya lori.

Refa aliutazama uso wa rafiki yake. Macho yalikuwa wazi, na matone ya mvua yalikuwa yakiyaangukia bila yeye kupepesa.

"Tatu," Refa alisema, polepole, na kiganja chake kikabaki juu ya saruji.

Mnyapara alitokea kwenye mlango wa ghala wakati huo huo. Aliona mtu amelala, mwingine amepiga magoti anahesabu, na saba wanacheka.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili, na katika kile cha mbele Bingwa alilazwa juu ya godoro la kiwanda hicho hicho, lenye kasoro ya mshono pembeni, ambalo wafanyakazi waliruhusiwa kununua kwa nusu bei. Mkewe alikuwa mfagizi wa shule ya msingi. Binti yao, fundi cherehani, alikuwa amefunga kibanda chake mapema ili kumpeleka baba yake zahanati na kumrudisha.

Daktari wa zahanati alikuwa amemchoma mguu wa kushoto kwa pini.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Daktari, kwani umeshaanza?"

Binti alicheka, kisha akalia palepale, akatoka nje ili asionekane. Daktari hakucheka. Aliandika barua kwenda hospitali kubwa na kusema bila kuzungukazunguka: mgongo upigwe picha na uonwe na bingwa wa mifupa ndani ya siku kumi. Mguu uliokufa ganzi ukiachwa sana, haurudi.

"Bingwa aonwe na bingwa," mgonjwa alisema.

Kiwanda kilikuwa na mkataba na hospitali hiyo. Mfanyakazi aliyeumia kazini alipokewa bila kulipa, mradi awe na fomu ya ajali yenye mhuri. Binti aliifuata fomu Jumatano, akapewa bahasha iliyofungwa, na Alhamisi asubuhi mama yake akaomba ruhusa shuleni, akaipeleka hospitali ikiwa ndani ya bahasha, ndani ya kitambaa, ndani ya mkoba.

Karani wa mapokezi aliisoma kwa kasi ya mtu anayetazama saa. Akairudisha chini ya kioo.

"Mama, hii haipokelewi. Wamesema si ajali."

"Wamesema wapi?"

"Hapo. Soma mwenyewe."

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu kama kumi na tano. Mama yule alikuwa na miezi saba katika masomo ya jioni ya watu wazima. Kusoma alikuwa anajua, ila polepole, kwa kidole, na si mbele ya watu wanaohema kisogoni mwake. Herufi zilisimama mbele yake, zikakataa kushikana.

"Nimesahau miwani," alisema.

Hakuwahi kuwa na miwani maishani mwake. Aliomba Mungu amsamehe uongo ule kabla hajafika kwenye geti, na alipofika kwenye geti akaomba tena, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa bado na hasira na aliona haikuhesabika.

*

Masomo ya jioni yalianza saa kumi na moja, katika darasa lile lile alilolifagia asubuhi. Alilijua kila doa la sakafu ile. Lakini akikaa kwenye dawati aliiona kuwa sakafu nyingine kabisa, na yeye mtu mwingine. Wenzake walikuwa mlinzi, muuza mitumba, na mama mmoja aliyeleta kitambaa cha kufuma ili akichoka herufi apumzishe macho.

Alimngoja mwalimu afute ubao, akamwekea fomu mezani.

"Nisomee, mwalimu."

"Nani aliniambia anataka kusoma barua zake mwenyewe?"

"Ni mimi. Leo nimechoka."

"Basi soma ukiwa umechoka. Barua mbaya ndizo nzuri za kujifunzia."

Akakaa, akaweka kidole. Tarehe aliisoma vizuri. Hali ya sakafu: kavu. Aliinua uso akatazama dirishani. Manyunyu yale hata Mungu aliyaona, akawaza, lakini akaendelea. Jina, cheo, saa. Halafu maelezo ya msimamizi, mstari mmoja tu: *Mfanyakazi alijiangusha kwa mchezo wa mieleka.*

"A-li-a-ngu..." alianza.

"Rudi. Umeruka."

"A. Li." Kidole kilisogea. "Ji."

"Ndiyo. Silabi ya tatu."

"A-li-ji-a-ngu-sha. Kwani kuna tofauti, mwalimu? Si aliishia chini?"

Mwalimu alichukua chaki. Upande mmoja aliandika *alianguka*, upande wa pili *alijiangusha*.

"Hili la kwanza linakujia tu, kama mvua. Hili la pili unalitaka mwenyewe. Hiyo *ji* ni yeye. Anajikata, anajipiga, anajiangusha. Nani wa kulaumiwa? Yeye."

Mama alilitazama lile neno kwa muda. Ilikuwa ajabu kwake kwamba kitu kidogo namna ile, herufi mbili, kingeweza kulalia mguu wa mtu mzima usinyanyuke. Usiku na mchana alikuwa amemwomba Mungu amfungulie maandishi. Hakuwa amefikiria kwamba yakifunguka huenda ndani yake akamkuta mumewe ametukanwa.

"Naomba hiyo chaki," alisema. Akaenda ubaoni, akaandika *alianguka* mara tano, mpaka mkono ulipolizoea.

*

Ijumaa mlinzi wa kiwanda alimweka nje ya geti kwa saa moja na dakika kumi. Hakukuwa na benchi. Malori yaliingia na kutoka, na kila lori lilipopita alilazimika kujibana ukutani na kushika kanga yake isichukuliwe na upepo. Mara moja alimwona Refa akipita ndani na toroli. Refa naye alimwona. Toroli lilipinda ghafla nyuma ya rundo la magodoro na halikutokea tena.

Mnyapara alikuja akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Pole na mgonjwa, mama."

"Nimeshapoa, baba. Nimekuja kwa neno moja tu."

"Sema."

"Ndilo hilo. Neno moja." Akaitoa fomu, akaweka kidole. "Hapa umeandika alijiangusha. Naomba iwe alianguka."

Mnyapara aliitazama fomu, kisha akamtazama yeye, kana kwamba mmoja kati ya hao wawili alikuwa amemdanganya.

"Mama, mimi naandika ninachokiona. Nimefika mlangoni, mtu kalala, mwenzake anahesabu moja mbili, wengine wanacheka. Kwenu hiyo mnaiitaje?"

"Hakuweza kuinuka."

"Mumeo ana miaka kumi na tisa haoni shida kulala chini. Nimemvumilia. Hata mimi nimecheka, sikatai. Lakini wakubwa waliuliza, na mimi nina wakubwa." Alikunywa chai. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa. "Mzaha mzaha hutunga usaha."

"Usaha umemtungia yeye, baba. Siyo mzaha."

Mnyapara aliangalia chini ndani ya kikombe.

"Jumatatu afisa utumishi anasikiliza kesi za nidhamu. Aje mwenyewe. Na alete shahidi."

"Mashahidi si walikuwa wanane?"

"Wanane waliocheka, mama. Muulize mmoja mmoja kama yuko tayari kusema alikuwa anacheka kazini."

*

Jumamosi alasiri ilikuwa saa ya mieleka. Binti alikuwa ameiteremsha televisheni kutoka mezani na kuiweka sakafuni, kwenye usawa wa macho ya baba yake, ambaye tangu Jumanne hakuweza kukaa. Wanaume wawili wenye mafuta mwilini walikuwa wakipokezana kipaza sauti.

"Waone," Bingwa alisema. "Dakika kumi na mbili wanaongea. Zamani kengele ililia, watu wakashikana. Hawa wa siku hizi wanagombana kama mawifi."

"Baba, tulia. Daktari kasema usicheke wala usikasirike."

"Sasa nitatazama nini? Taarifa ya habari?"

Hodi ilibishwa. Alikuwa Refa, na machungwa manne ndani ya mfuko mwepesi. Alisimama mlangoni, hajui aweke wapi miguu.

"Karibu, shemeji," mke wa Bingwa alisema. "Leo toroli umeliacha wapi?"

Refa aliinamisha kichwa. Binti alimsogezea kigoda. Kwa muda, wote wanne walitazama televisheni, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa pepesi kutazama. Mwanamieleka mmoja alimbeba mwenzake juu kabisa na kumshusha sakafuni kwa kishindo kilichofanya kioo kitetemeke.

"Maigizo tu," Refa alisema, ili apatikane wa kusema kitu.

"Nani kakataa?" Bingwa aliuliza, na sauti yake ikapata nguvu kidogo. "Ni maigizo. Mshindi wanamjua tangu nyumbani. Wote wamekaa kikao wakaelewana: huyu, yule, refa, mpiga kengele. Ila sakafu haikuwepo kwenye kikao. Sakafu haikuambiwa. Kwa hiyo usimtazame anayerusha, kurusha kila mtu anaweza. Mtazame anayeanguka. Huyo ndiye fundi. Akianguka vizuri mwenzake anaonekana simba. Akianguka vibaya..."

Akaomba maji. Mkewe alimwinua kichwa.

"Nilishawahi kuwaambia habari ya Nyangumi?"

"Mara mia," binti alisema.

"Hii ni ya mia na moja. Nilikuwa na marehemu baba, tumesimama nje ya duka la fundi redio, tunatazama kupitia dirishani, watu kama sitini. Nyangumi alikuwa na mkanda wa ubingwa kiunoni, mnene, mpole, wote tunampenda. Siku ile alipambana na kijiti kimoja, wala jina lake silikumbuki. Nyangumi akapanda kamba, unyayo ukateleza, akaja chini vibaya. Kile kijiti kikamlalia. Refa wao anahesabu moja. Mbili. Anahesabu polepole, kama anauliza swali. Tatu. Sisi tunashangilia, tunarukaruka! Baba akanishika bega. Akasema, msishangilie. Yule ameumia. Bingwa mwenye mkanda hakubali tatu bure."

"Ikawaje?" Refa aliuliza, ingawa alijua.

"Hakuonekana tena. Wiki iliyofuata walimtaja kwa sentensi moja, wakaleta tangazo la sabuni."

Televisheni iliendelea kupiga kelele peke yake. Mke wa Bingwa alikuwa amesimama na bilauri mkononi. Hadithi ya Nyangumi alikuwa ameisikia tangu uchumba, na kila mara masikio yake yalikuwa kwenye sufuria. Leo ilimwingia.

"Shemeji," alisema. "Siku ile ulihesabu mpaka ngapi?"

Refa alianza kumenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba.

"Shemeji."

"Tatu."

"Na huyu hunyanyua bega kwenye ngapi?"

"Mbili. Siku zote mbili. Hajawahi kunipa tatu, hata siku aliyokuwa na homa." Ganda la chungwa lilianguka sakafuni. "Nilijua, shemeji. Nilivyosema tatu tu, nilijua. Lakini mnyapara alishafika."

"Basi Jumatatu ukaseme hivyo hivyo."

"Nina barua mbili za onyo. Moja ya kuchelewa, moja ya kujibu. Nikisema nilihesabu, nimekiri nilikuwa nacheza kazini. Hiyo ya tatu ndiyo ya mlangoni. Nina watoto wanne."

Bingwa alikuwa amefumba macho.

"Mwache," alisema. "Kuhesabu nilimfundisha mwenyewe."

Refa aliweka chungwa lililomenywa nusu juu ya kigoda, akaaga vibaya, akatoka. Jioni ile mke alipiga magoti kando ya godoro, kimya, kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alikuwa na mambo mawili ya kumwomba Mungu, mguu na Refa, na aliona vigumu kuyaomba yote mawili bila kuomba moja limle lingine.

"Unaomba nini hivyo?" mumewe aliuliza.

"Naomba hekima."

"Omba na mkokoteni. Jumatatu ninafikaje?"

*

Mkokoteni ulipatikana kwa jirani seremala. Jumatatu walimlaza juu yake pamoja na godoro lake, seremala akivuta, binti akisukuma, mama akitembea pembeni na mwavuli uliofungwa. Mlinzi wa geti alipomwona mgonjwa akiingia kiwandani juu ya godoro la kiwanda, alifungua geti lote badala ya kile kilango kidogo, na hakuuliza kitu.

Ofisi ya afisa utumishi ilikuwa ghorofani. Waliijaribu ngazi, wakafika ya tatu, Bingwa akapauka. Afisa, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu, aliwatazama kutoka juu, akashuka mwenyewe na faili. Ndivyo kikao kilivyofanyika ghalani, karibu na njia ile ile ya saruji, wakati wa mapumziko ya chai, na wapakiaji wote wamesimama na vikombe mikononi. Njia ilikuwa kavu siku hiyo.

Mnyapara alisoma maelezo yake. Aliposema "alijiangusha" hakumtazama mtu.

Afisa alivaa miwani. "Kwanza niseme, hakuna anayetaka kumfukuza mzee huyu. Miaka kumi na tisa si mchezo. Yeye aahidi tu hapa mbele ya wenzake, aseme *sitajiangusha tena*, tutafunga faili, na kazi yake itamngoja."

"Na hospitali?" binti aliuliza.

"Hospitali ni ya ajali, binti yangu. Hii siyo ajali. Ningependa iwe, lakini karatasi haisemi hivyo."

Bingwa alikuwa amelala anatazama paa la mabati. Kutoka nyumbani mpaka pale kila jiwe la barabara lilikuwa limempitia mgongoni. Alitaka kurudi. Alitaka watu waache kumtazama kutoka juu, jambo ambalo zamani alilipenda.

"Naahidi," alianza, "sitaji..."

"Usiseme *tena*," mkewe alisema.

Kila mtu alimgeukia. Alijisikia kama siku ile kwenye foleni, watu wakihema kisogoni. Lakini neno hili alilijua. Aliliandika mara tano.

"Mama afisa, mimi ni mfagizi, na kusoma nimejifunza uzeeni. Nimeisoma hiyo karatasi silabi kwa silabi. Akisema *sitajiangusha tena*, atakuwa amesema kwamba siku ile alijiangusha. Kuna *ji* hapo isiyo yake. Mvua ilinyesha, akateleza, akaanguka. A-li-a-ngu-ka."

Mpakiaji mmoja aliguna. Mwingine alimkanyaga mguu.

"Nimejiangusha mara nyingi hapa," Bingwa alisema kutoka kwenye mkokoteni. "Sibishi. Nyie mmecheka, mimi nimefurahi. Ila siku ile nilianguka."

Afisa alivua miwani na kusugua macho. "Mzee, nakusikia. Lakini mimi sikuwepo. Mtu anayejiangusha kila siku, siku akianguka kweli, mimi nitaijuaje tofauti?"

Lilikuwa swali la haki, na ghala zima lilijua hivyo. Vikombe havikugongana. Mke wa Bingwa hakumtazama Refa. Alikuwa ameahidi mbele za Mungu kwamba hatamtazama, na aliitazama sakafu mpaka aliyaona madoa yake yote.

"Mimi naijua," sauti ilisema.

Refa alikuwa ameweka kikombe chake juu ya rundo la magodoro na amesogea mbele.

"Unajua nini?"

"Akijiangusha, hunyanyua bega kwenye mbili. Miaka yote. Waulize hawa. Hajawahi kukubali tatu, ni mkaidi kuliko punda. Jumanne nilihesabu moja, mbili, mbili na robo, mbili na nusu. Nikafika tatu. Hakunyanyua. Na sakafu ilikuwa na maji. Magoti yangu yalilowa."

"Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa unahesabu," afisa alisema polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukana.

"Ni mimi."

"Wakati wa kazi."

"Wakati wa kazi."

"Una barua mbili," mnyapara alisema, na haikujulikana kama alikuwa anashtaki au anaonya.

"Najua. Hesabu ndiyo kazi yangu."

Watu wawili watatu walicheka, kisha wakajuta. Afisa aliwatazama wengine. "Ni kweli? Hunyanyua kwenye mbili?"

"Mbili," alisema yule aliyekuwa juu ya lori.

"Siku zote mbili," mwingine alisema.

"Mbili," mnyapara alisema mwishowe, na akashusha pumzi.

Afisa aliiweka fomu juu ya faili, akakata neno moja kwa mstari ulionyooka na kuandika jingine juu yake. Akaweka sahihi pembeni. Mhuri ulikuwa ofisini. Binti aliukimbilia ngazi mbili mbili. Mke wa Bingwa aliomba aione fomu kabla haijafungwa kwenye bahasha, akaweka kidole, akasoma kwa sauti ya chini hadi mwisho. Sakafu ilikuwa bado imeandikwa kavu. Aliliona, akaliacha. Siku kumi zilikuwa zimebaki nne.

"Wewe," afisa alimwambia Refa, "njoo ofisini saa kumi. Siwezi kukuambia itakuwaje, kwa sababu sijui." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Na ahadi bado naihitaji. Hawa wote wasikie. Hili ni ghala."

Bingwa aliunyanyua mkono wa kulia, kwa kuwa huo ulikuwa unanyanyuka.

"Naahidi," alisema, "sitajiangusha."

Afisa alingoja neno la mwisho. Halikuja. Aliangalia upande wa yule mama mwenye mwavuli, akafunga faili.

Seremala alishika mikono ya mkokoteni. Lakini Refa alikuwa amesimama mbele ya gurudumu, na hakuondoka. Aliunyanyua mkono wake, kile kiganja cha miaka yote kikiwa wazi.

"Na mimi naahidi."

"Wewe hujaulizwa," mnyapara alisema.

"Mbele ya shemeji, na mbele yenu wote mliocheka na mimi," Refa alisema. "Mtu akianguka, sitahesabu tena."